Silensa

Siku ya tatu leo Datsun inapiga kelele peke yake.
Sijaikanyaga. Kiatu nimevua kabisa,
mguu nimeuweka nje ya mlango, Rusimbi ajionee,
na bado injini inapanda, inapanda,
kama sauti ya mdaiwa anayebishana sokoni.

Uvinza tumezoea kelele, treni ya mizigo, mashine za chumvi,
lakini hii watu wanaichungulia.
Mama wa chapati kauliza
kama naenda au nabaki.

Gari la chumvi halizeeki, linaliwa.
Sakafu ya bodi ilishakwisha, tumetandika bati la paa,
mlango wa kushoto unafungwa kwa katani.
Injini tu, alisema baba, ndiyo bado ina akili zake.

Rusimbi hana haraka.
Waya wa mafuta: unarudi wote.
Springi ipo, inavuta.
Choki imefunguka, haijang'ang'ania.
"Punguza skrubu ya silensa," nikasema, kujitia ujuzi.
Akageuza bisibisi, nusu mzunguko, mzunguko,
mpaka skrubu ikabaki inaelea, haigusi kitu,
na Datsun inafoka vilevile.
"Umeona? Inakula pengine."

Inakula nini?

"Hewa. Ya halali inapita juu, kabureta inaipima.
Hii inaingia mlango wa uani, haijapimwa na mtu."

Akakata mpira wa petroli, urefu wa mkono,
ncha moja sikioni, ncha nyingine
akaitembeza juu ya manifodi
kama nesi wa kliniki anayemtafuta mtoto tumboni.
Sikio la kushoto. La kulia liliondoka
na tairi la lori lililopasuka Kazuramimba.
Akaniambia nishike pumzi. Nikashika,
sijui kwa nini, mimi siyo injini.

"Njoo usikie."

Mluzi. Mwembamba,
wa mtu anayepoza chai kwa siri.

Akadondosha maji pale, matone manne.
Injini ikakohoa, ikashuka,
ikatulia kiasi cha kusema jina la mtu,
ikapanda tena.
Akazima. Vidole viwili nyuma ya kabureta,
chini, pasipofika jicho, ulimi nje,
akatoa kijiti.

Cha mninga. Kinene huku, chembamba huku,
kimevikwa tyubu ya baiskeli
iliyopasukapasuka kama kisigino.
"Nani kaziba na hiki?"

Naujua mkono ule. Ndio uliochonga
mguu wa tatu wa stuli ya mama,
unaotofautiana na miwili mingine hadi leo.

Wiki yake ya mwisho baba alisema:
kule nyuma nimeziba kitu, mkiangalie.
Tukachimba nyuma ya nyumba, mimi na shemeji,
usiku, kwa tochi ya simu,
tukitafuta kopo la pesa.
Tulipata mizizi ya mhogo na kandambili moja.
Shemeji mpaka leo anaamini nilimzunguka.

Miaka sita tangu tumzike,
na kijiti kimekwenda kazini kila siku,
magunia ishirini, kilima cha Kasulu,
bila bosi, bila mshahara, mpaka mpira ukachoka.

"Kizibo chenyewe kiko Kigoma mjini," Rusimbi akasema.
Nilidhani atakitupa.
Akakata tyubu mpya, akakivika kijiti kilekile,
akakitemea mate, akakisukuma ndani kwa kidole gumba.

Ikawaka. Ikazima.
"Skrubu," akacheka, akairudisha alikoitoa.
Ikawaka tena, ikashuka, ikashuka,
mpaka nikasikia chenji ikihesabiwa ng'ambo ya barabara,
mia mbili, mia tatu, mia tano.

"Haya," mama wa chapati akaita,
"sasa unaenda au unabaki?"

Sikumjibu.
Nilikuwa bado natafuta kiatu.